VYOMBO VYA KWANZA VYA MTU ANAYETENGENEZA MOTOKAA YAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Sisi wa karakana ya reli tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wenu hutuuliza. Mtu amenunua motokaa kuukuu, naye hana fedha za kumlipa fundi kila mara. Je, anunue vyombo gani kwanza ili aanze kuitengeneza mwenyewe? Hatutawachosha. Lakini tutaanza na vyombo ambavyo watu wengi huvinunua mwisho, au hawavinunui kabisa, na mtaona sababu yake.

Mwenzetu mmoja, fita wa miaka mingi, Jumapili moja alitaka kubadili bomba la moshi la motokaa yake nyumbani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Aliweka jeki juu ya udongo, akainua, akaingia chini. Hakuweka kitu kingine. Jeki ikazama upande mmoja, ikalala, na gari likamshukia kifuani. Mtoto wake alipiga kelele, majirani wakaja mbio wakaliinua kwa mikono. Mwenzetu hakufa, Mungu ashukuriwe, lakini mbavu zilivunjika, akakaa miezi mitatu bila kazi. Tukatazama kama chama kinaweza kumpatia fidia, tukaona hapana njia. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 ni ya mtu aliyeumia kazini au kwa ajili ya kazi yake, na ua wa nyumba yake si kazini. Basi tulichanga sisi kwa sisi.

Jambo lililotuuma sana ni hili. Mtu yule yule, akiwa karakana, asingekubali kuingia chini ya behewa lililoinuliwa kabla halijawekewa viegemeo, na magurudumu kuzuiwa, na kibao cha kukataza kulisogeza kutundikwa. Kama msimamizi angemwamuru aingie hivyo hivyo, angekataa, angekwenda kwa katibu siku ile ile, na sisi sote tungesimama naye. Kazini tunadai usalama kwa sauti kubwa. Nyumbani tunajiamuru wenyewe kazi ambayo tungemkatalia bwana yeyote.

Sasa tuhesabu vyombo.

Kwanza, vyombo vya kuinua na kushikilia. Ndugu zangu, jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ile jeki inayokuja na motokaa ni ya kubadili gurudumu tu. Kabla mtu hajaingiza hata mkono wake chini, sharti awe na stendi mbili za chuma, zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba. Motokaa ndogo nyingi zina uzito wa tani 1 hadi tani 1.5, kwa hiyo stendi za tani 2 au 3 zinatosha. Tena awe na kabari mbili za kuzuia magurudumu yaliyobaki chini, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Wengi wetu tulifundishwa shuleni habari za yule aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mwenye kuweka jeki juu ya udongo ni ndugu yake. Wala usitumie tofali la saruji mahali pa stendi, kwa maana hupasuka ghafla bila kukuonya. Kipande cha taruma kuukuu ni kabari nzuri sana, lakini kinunuliwe kwa halali, kisikatwe njiani!

Pili, spana. Namba iliyoandikwa juu ya spana ni upana wa mdomo wake kwa milimita. Kwa motokaa nyingi za Kijapani utahitaji namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na kwa nati za magurudumu namba 21. Magari ya Ulaya mara nyingi hutaka 13, 16 na 18 pia. Basi usikimbilie sanduku la vipande mia kwa sababu linang'aa dukani. Nusu yake hutaligusa kamwe, na chuma chake huenda kikawa laini. Nunua spana sita nzuri zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili. Ukifungua nati ngumu, anza na pete, kwa maana pete inashika pembe zote, bali mdomo wazi unashika pande mbili tu. Nati ikiisha kuliwa pembe, kazi ya dakika tano itakuwa ya siku nzima. Baadaye ongeza soketi za pembe sita na mpini wake.

Tatu, vyombo vidogo. Bisibisi bapa na bisibisi ya nyota, kubwa na ndogo za kila namna, koleo, yaani plaisi, nyundo moja, brashi ya waya, na tochi.

Nne, vyombo vya kupimia. Asiyepima hubahatisha, na kubahatisha ni ghali. Nunua geji ya upepo, upime matairi yakiwa baridi, ufuate kipimo kilichoandikwa penye nguzo ya mlango wa dereva. Nunua na mita ya umeme. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6, injini ikinguruma, iwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Tumeona watu wakinunua betri mpya, kumbe ugonjwa ulikuwa ni ukungu mweupe juu ya vichwa vya betri tu, ambao brashi ya waya na spana namba 10 ungaliondoa. Ukifungua betri, toa waya wa hasi kwanza, na ukirudisha, uwe wa mwisho. Ukikosea mpango huu, spana yako yaweza kugusa bodi la gari na kutoa cheche kali.

Tano, vitu vya kulinda mwili. Miwani, glavu, na beseni la kukingia oili chafu, isimwagwe mtaroni. Vua saa na pete ya kidole. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto, hata kama una haraka.

Na kazi za kuanza nazo ni zipi? Badili gurudumu, safisha betri, badili kichujio cha hewa, kisha plagi, kisha oili na kichujio chake. Nati za gurudumu zilegeze kidogo gari likiwa bado chini, na ukizikaza zikaze kwa kuvukisha, moja na ile inayoielekea. Kisha uzitazame tena baada ya mwendo wa kilomita 50 au zaidi kidogo. Breki, usukani na mifuko ya hewa usizishike peke yako. Mwite anayejua, usimame karibu, ujifunze. Kumlipa fundi kwa kazi ya breki si aibu.

Neno jingine la chama. Asithubutu mtu kuchukua chombo cha karakana akitumie nyumbani. Spana moja yaweza kumpotezea mtu kazi, na siku hiyo sisi tutakuwa na neno gani la kumtetea?

Lakini twajua ya kwamba mshahara ni mdogo, na stendi nzuri, jeki ya magurudumu na spana ya kupimia nguvu si vitu vya kununuliwa na mtu mmoja mwisho wa mwezi mmoja. Kwa hiyo tunaleta shauri hili mbele yenu. Vyombo vidogo kila mtu ajinunulie mwenyewe, moja moja. Vile vikubwa tuvichangie pamoja hapa tawini, viwekwe katika sanduku moja lenye kufuli, na daftari la kuandika nani amechukua na siku ya kurudisha. Na sheria ya kwanza ya daftari iwe hii: hapana mtu atakayepewa jeki bila ya kuchukua stendi zake.

Mwenzetu yule amekwisha kurudi kazini, naye ndiye wa kwanza kutoa mchango wake. Amesema yuko tayari kulitunza daftari. Wenye kukubali shauri hili wainue mikono.