Ajali ya Dakika Moja, Maumivu ya Miaka



Maongezi yangu ya leo yahusu watu waliookoka katika ajali za magari. Magari yagonganapo, neno letu la kwanza ni kuuliza, "Amekufa nani?" Tukiambiwa kuwa fulani yu hai, twashukuru, na baada ya miezi michache, tukimwona atembea tena, twasema, "Amepona." Lakini jeraha kufunga ni jambo moja, na mwili kupona ni jambo la pili. Nitawapa mfano wa mtu aliyejulikana sana ulimwenguni.

Tarehe 17 Septemba 1925, katika Mexico City, mji mkuu wa Meksiko, basi la mbao liligongana na tramu, yaani gari la umeme lipitalo juu ya reli. Ndani ya basi alikuwamo msichana wa miaka 18, jina lake Frida Kahlo, mwanafunzi aliyetumaini kuwa daktari. Chuma cha kushikia abiria kilimpenya nyongani. Uti wa mgongo ulivunjika, na nyonga, na mtulinga, na mbavu. Na mguu wake wa kuume, uliokuwa dhaifu tangu utoto kwa ugonjwa wa polio, ulivunjika mahali 11.

Alilala hospitali yapata mwezi mmoja, kisha akarudi kwao. Baadaye maumivu yalizidi, na picha za eksirei zikaonyesha kwamba pingili za mgongo zilikuwa zimehama mahali pake. Ikambidi kufungwa plasta kiwiliwili na kulala chali miezi mingi. Hapo ndipo alipotengenezewa ubao wa kuchorea kitandani, na kioo kikatundikwa juu yake, akaanza kuchora sura yake mwenyewe. Udaktari ulimpotea, lakini uchoraji ulimpa sifa kubwa.

Hata hivyo mwili haukusahau. Mwaka 1944 alijichora kifua kimepasuka, na mahali pa uti wa mgongo pana nguzo iliyovunjika. Mwaka 1946 alipasuliwa mgongo New York. Sehemu kubwa ya mwaka 1950 alikuwa hospitalini. Mwaka 1953 mguu ule ule wa kuume ulikatwa chini ya goti, kwa sababu nyama zake zilikuwa zimekufa. Alishika mimba zaidi ya mara moja, wala hakujaliwa kuzaa. Akafariki tarehe 13 Julai 1954, mwenye miaka 47.

Kwa nini huwa hivi? Mfupa uliovunjika huweza kuungana upesi, lakini ukiungana upande, mwili wote huenda upande. Kiungo kilichopasuka huchakaa mapema, kikavimba na kuuma baada ya miaka. Mshipa wa fahamu uliokatika, ukiota tena, huota pole pole mno, yapata milimita 1 kwa siku. Na aliyepigwa kichwani huenda asiwe na kovu lo lote, lakini akaumwa kichwa, akasahau mambo, akawa mwepesi wa hasira, au akashtuka usiku kwa ndoto za ajali ile.

Basi yapo mambo matatu ya kushika. Kwanza, mtu aliyeumia mgongo au shingo asiinuliwe ovyo kwa mikono na miguu. Ikiwa mahali alipo hapana hatari nyingine, na alale kimya mpaka waje wajuao kazi hiyo. Pili, mgonjwa akiambiwa arudi hospitali kutazamwa, arudi, hata kama ajiona mzima. Na mazoezi ya viungo aliyofundishwa asiyaache. Ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, si jambo la kungoja kesho.

Tatu ni letu sisi tulio wazima. Kijana aliyekuwa hodari wa jembe, akiomba kupumzika mwaka wa pili baada ya ajali, wako watakaosema ni mvivu, kwa kuwa hawaoni bendeji wala damu. Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Mpeni kazi awezayo, msikilizeni asemapo aumwa, na msimdhihaki. Maana gari lililovunjika huondolewa njiani siku ile ile, bali mwenye kuumia huenda akachukua ajali yake mwilini mpaka mwisho wa maisha.