Chozi Hukumbuka Ua Alilolinyonya

Leo tunamzungumzia chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye huzunguka kwenye migomba na milonge ya mitaa yetu ya Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju akinyonya mbochi ya maua.

Ua likishanyonywa huchukua muda kujaa tena. Chozi akilirudia mapema amepoteza nguvu bure, na mwili wake mdogo hauna akiba ya kuchezea. Hana budi akumbuke: lile nimeshalipitia, hili bado. Ni kama Mangi mwenye duka na daftari lake la mikopo, ila la chozi limo kichwani, nalo huandikwa upya kutwa nzima. Miaka ya 1970, watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu nchini Kenya. Wakaona kuwa ndege anayelinda eneo lake huyakwepa maua aliyoyanyonya muda mfupi uliopita.

Sasa tuje mitaani kwetu. Kiwanja kimeuzwa, miti imeng'olewa, ukuta wa matofali unapanda. Hapo kunguru hasumbuki sana, maana hula chochote; jalala likihama, naye huhama. Chozi je? Hajasahau kitu, lakini kumbukumbu yake inampeleka pasipo na chakula. Itabidi ajifunze upya, tena akiwa na njaa.

Kuna na kelele. Mwaka 2021, watafiti wa Marekani waliwapima ndege wadogo waitwao zebra finch huku wakiwasikilizisha milio ya magari. Ndege hao walifanya vibaya katika majaribio kadhaa, likiwemo la kukumbuka mahali penye chakula. Hao si chozi, wala jaribio halikufanyika Temeke. Hata hivyo, linatupa sababu ya kumwangalia kwa makini ndege anayetafuta riziki kando ya Barabara ya Kilwa, daladala na bodaboda zikinguruma tangu alfajiri.

Tufanye nini? Ukijenga, bakiza mti mmoja unaotoa maua. Kama lazima ukate, panda mwingine kwanza, usubiri uchanue, ndipo ukate wa zamani. Hivyo chozi atapata nafasi ya kuuzoea mpya kabla hajaukosa wa awali.

Na kazi ya nyumbani kwenu, wanafunzi: chagueni ua moja, mhesabu dakika anazokaa chozi kabla ya kulirudia. Asubuhi na mchana ni sawa?