Maji ya Chai Ndani ya Gari

Maji ya chai huchemshwa ndani ya gari kwa umeme wa betri au kwa moto wa gesi. Membley, Ruiru, kando ya barabara kuu ya Thika, jambo hili linajulikana: safari ya Nyeri au Meru huanza alfajiri, na anayeelekea Nairobi hukutwa na foleni ya Githurai kabla hajatia kitu tumboni. Bei za mafuta ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14 husikika, na hulalamikiwa vya kutosha. Tangazo hilo la kila mwezi ni la petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya kupikia haimo, wala usalama wa mtungi unaobebwa kwenye buti haumo. Hapo ndipo penye wasiwasi.

Umeme kwanza. Birika ndogo ya gari huchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Betri ya gari dogo hutoa volti 12, na tundu hilo kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Kwa ampea 10, nguvu inayopatikana ni wati 120 tu. Nusu lita ya maji yenye nyuzi 20 huhitaji dakika 22 hivi kuchemka kwa nguvu hiyo, hata pasipopotea joto lolote. Na joto hupotea, kwa hiyo nusu saa huweza kupita. Gari lililotoka Membley bila msongamano huwa limekaribia Thika maji yakiwa bado vuguvugu. Tena ukanda huu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100 kama Mombasa. Anayesubiri kipimajoto kisome 100 atasubiri bure.

Birika ya nyumbani ni balaa nyingine. Nyingi hutumia wati 2,000 au zaidi. Kwa volti 12, huo ni mkondo unaozidi ampea 160, na hakuna tundu la sigara linalouhimili. Anayeunganisha inveta kwenye tundu hilo ili apate umeme wa nyumbani wa kuendesha birika hiyo hukata fyuzi mara moja. Hatari kubwa huja baadaye, pale fyuzi iliyokatika inapobadilishwa kwa kipande cha waya au kwa fyuzi nene zaidi. Waya mwembamba nyuma ya dashibodi hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na moto huanzia mahali ambapo dereva hapaoni. Mambo haya yangepaswa kuandikwa kwenye boksi la birika, kwa Kiswahili.

Gesi ndiyo mbaya zaidi. Mtungi mdogo wenye jiko juu yake, ule ambao wengi huuita meko, huchemsha maji kwa dakika chache, na wepesi huo ndio unaowavuta wasafiri. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani ikatoka. Hushuka chini ya viti na kutulia kwenye sakafu, ikingoja cheche. Jiko linalowaka ndani ya gari lililofungwa hula hewa safi na huweza kutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyesinzia kiti cha nyuma hapati onyo lolote. Makaa hutoa sumu hiyo kwa wingi zaidi, hata yakionekana yamefifia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Meko si lori, ni kweli. Gesi iliyomo ni ileile, na onyo lake kwa Kiswahili linahitajika vilevile.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Maelezo asiyoweza kuyasoma hayamlindi.

Njia iliyo salama ni ya zamani: thamosi. Huoshwa ndani kwa maji ya moto kwanza, maji hayo yakamwagwa, kisha hujazwa maji yanayotokota hadi karibu na mdomo na kufungwa papo hapo. Thamosi nzuri hushika joto kwa saa nyingi. Majani na sukari hubebwa kando, na maziwa vilevile, kwa sababu chai ya maziwa ikikaa vuguvugu huharibika. Mzazi mwenye mtoto anayetumia maziwa ya unga anahitaji maji yasiyopungua nyuzi 70 wakati wa kuyakoroga, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Thamosi iliyojazwa wakati wa kuondoka hutimiza hilo kwa safari ya saa chache.

Anayelazimika kuchemsha njiani na asimamishe gari mahali salama nje ya barabara, ashushe kila kitu, awashe jiko chini, mbali na gari na mbali na nyasi kavu. Asiwashe ndani. Mvua ikinyesha asiwashe ndani. Mtoto akilia kwa njaa asiwashe ndani. Fyuzi ikikatika iwekwe ya kiwango kilekile, basi. Nayo KEBS, shirika la viwango lenye kutoa kibandiko cha bidhaa zinazoingia nchini, na EPRA, inayosimamia gesi, zisisubiri gari liungue hapa Ruiru ndipo zizungumze. Onyo liandikwe kwenye kila birika ya gari na kila mtungi, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na liandikwe mwaka huu.