Mbegu Safi Huchaguliwa Shambani

(Maneno kwa wakulima wa mtama, Masara)



Leo tuzungumze juu ya mtama, yaani bel. Mvua ikikatika mapema mahindi hunyauka, lakini mtama hustahimili. Basi ukiharibika huo, nyumba haina pa kukimbilia.

Mmeona masuke ambayo punje zake zimegeuka vifuko vya kijivu. Bonyeza kimoja: ndani hamna nafaka, ni unga mweusi kama masizi ya sufuria. Ugonjwa huu huitwa fugwe, nao huletwa na kuvu. Wengine husema ni mvua, au udongo umechoka. Sivyo. Sisi wenyewe huupanda pamoja na mbegu.

Unaingiaje? Wakati wa kupura. Suke gonjwa likipigwa pamoja na mazima, vifuko hupasuka na ule unga hushika kwenye punje nzuri. Kwa macho huwezi kujua. Msimu ujao mbegu ikiota, kuvu nayo huota, ikaingia ndani ya mche kabla haujatoka ardhini. Mmea hukua kijani, hata jirani anausifu. Suke likitoka ndipo unajua umepalilia bure.

Hesabu ni rahisi. Masuke 10 yakiugua katika kila 100, wewe uliyetarajia magunia 10 utapata kama 9. Na ukitoa mbegu humo humo, msimu ujao hasara itazidi.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kuvuna, pita shambani, kata masuke magonjwa polepole, yatie mfukoni, uyachome au uyafukie mbali.

Pili, chagua masuke mazima ya mbegu, uyapure peke yake mahali pasafi. Usichote mbegu kwenye gunia la chakula.

Tatu, ukiweza, changanya mbegu na dawa ya kuvu kabla ya kupanda. Mbegu yenye dawa haipikwi wala hawapewi kuku, hata kukiwa na njaa.

Lakini angalieni: kuna fugwe nyingine inayogeuza suke zima kuwa masizi. Hiyo hukaa udongoni, na dawa ya mbegu haitoshi. Ng'oa mapema, ubadilishe mazao.

Akina mama, nyinyi ndio mnaotunza mbegu na kugawiana. Ukimpa jirani gorogoro moja ya mbegu, hakikisha humpi na ugonjwa.