HOTUBA JUU YA KUWATUNZA WATOTO WALIOZALIWA KABLA YA MIEZI KUTIMIA



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya fedha zilizochangwa mwaka huu kwa ajili ya wodi ya wazazi. Wengi wenu mlitoa shilingi zenu kwa nia ya kununua inkubeta, ile mashine ya joto ya kulaza watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Nia hiyo ni njema. Lakini sisi tufanyao kazi katika wodi hizo twaomba mtusikilize kabla fedha hazijatoka sandukuni.

Adui wa kwanza wa mtoto huyo ni baridi. Mafuta chini ya ngozi yake ni machache mno, naye huzaliwa akiwa majimaji. Upepo unaotuburudisha sisi, kwake ni ugonjwa. Akipoa hulegea, akilegea hawezi kunyonya, na asiponyonya nguvu za kuvuta pumzi humwishia. Joto lake lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5.

Mashine hutoa joto, hatukatai. Lakini hutaka umeme usiokatika, fundi, vipuri, na muuguzi wa kuiangalia usiku na mchana. Umeme ukizimika, inabaki sanduku tu. Tena mahali penye mashine chache, watoto hulazwa wawili au watatu pamoja, na maradhi ya mmoja huwa ya wote.

Taabu hiyo ndiyo iliyowafika madaktari wa Bogotá, katika nchi ya Kolombia. Mwaka 1978 Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mfano wa kangaruu na mtoto wake. Wengi walidhani hiyo ni dawa ya maskini tu. Basi mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na majirani zetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Miongoni mwa wale waliowekwa kifuani upesi baada ya kuzaliwa, vifo vilipungua kwa robo kuliko wale waliotunzwa kwanza mashineni hadi wapate nguvu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kila siku. Yule asiyeweza kabisa kupumua mwenyewe, huyo ni wa daktari kwanza.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtoto hufutwa akauke, huvikwa kofia, soksi na nepi tu, kisha husimamishwa kati ya matiti, kichwa kikielekezwa upande ili pumzi ipite, naye hufungwa kwa leso imara. Asipoweza kunyonya, maziwa ya mama hukamuliwa akanyweshwa kwa kikombe kidogo au kwa mrija. Mikono ioshwe kila mara.

Kinachoshinda ni mama mwenyewe kukaa. Atakaaje majuma matatu juu ya kitanda anacholala na mwenziwe, ilhali nyumbani ameacha watoto wengine, na gharama zaongezeka? Na akienda kuoga, au akiwa amepasuliwa, nani atampokea? Yafaa nyanya ampokee, au shangazi, au baba. Twajua wazee wengine watacheka. Kifua cha mwanamume kina joto lile lile, na ndevu hazijamdhuru mtoto bado.

Kwa hiyo twaomba fedha zile zinunue viti vya kuegemea, vitanda, leso na kofia, na zilizosalia ziwe za chakula cha akina mama hao na nauli ya nyanya wa kuwapokea. Vitu hivi fundi wetu wa mtaani aweza kuvitengeneza vikivunjika.

Wazee nao wana neno lao nyumbani. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na huyu mdogo angojee zaidi. Kitovu kisipakwe jivu wala samadi. Asipewe maji ya sukari. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo baadhi yetu huyamwaga, ndiyo kinga yake. Akikataa kunyonya, akipumua mbio, akiwa wa baridi au wa moto, akishikwa na degedege, au nyayo zake zikigeuka manjano, arudishwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane na baba mwenye nyumba yuko safarini.

Orodha ya vitu pamoja na bei zake iko mezani kwa Mweka Hazina. Twaomba ipigiwe kura leo, kabla ya mkutano kufungwa.