Fukara wa Pwani na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote: Nafasi ya Raia katika Kuikamilisha

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, nanyi nyote mliotoka Pangani, Mkinga, Muheza na mitaa ya Jiji la Tanga,

Tarehe 2 Novemba 2023, mjini Dodoma, Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, ambao baadaye ukawa Sheria Na. 13 ya mwaka huo. Na kwa sisi watu wa Tanga jambo hilo lilikuwa na fahari yake, kwani waziri aliyeusimamia, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, ndiye aliyekuwa mbunge wa Tanga Mjini. Wengi walidhani kwamba siku ile kazi ilikwisha. Nimekuja kusema mbele yenu kwamba sheria hiyo, kwa fukara wa pwani hii, haijakamilika maadamu hatujaamua kwa insafu nani asiye na uwezo na yule mwenye uwezo mdogo alipe lini, na kwamba ushahidi wa kuyaamua hayo umo katika mkutano mkuu wa kijiji, katika kamati ya zahanati na katika baraza la madiwani, kuliko ulivyomo katika ukumbi wowote wa Dodoma.

Tukumbuke jinsi muswada wenyewe ulivyokwenda. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukaahirishwa, ukakaa zaidi ya mwaka mzima. Na kilichouzuia ni swali ambalo kila mwenye njaa angeliuliza kwanza, yaani asiyeweza kulipa atalipiwa na nani, na fedha hizo zitatoka wapi. Makadirio yaliyotajwa hadharani wakati ule yalikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Hesabu hiyo mtumishi anayekatwa mshahara kila mwezi huenda akaistahimili, walakini kwa mwanamke wa Mkinga anayelima mwani ni mzigo usiobebeka. Muswada uliporejea ulikuwa umetaja vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo, miongoni mwake ushuru wa vinywaji vya kaboni na vya kulevya, vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Siuoni mwaka ule kuwa mwaka uliopotea. Wakati wa muswada kuwa mezani ndio wakati masikio yanapokuwa wazi, na swali lililoulizwa kwa ukaidi wa adabu lilizaa kifungu ambacho kisingalikuwapo.

Wapo watakaouliza kwa nini raia ajitaabishe na miswada na kanuni, ilhali Katiba imekwisha kumtaja. Ni kweli imemtaja: Ibara ya 11 inaiagiza mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kumpatia mtu hifadhi wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inasema kwamba masharti ya sehemu yenye ibara hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, na kwa hiyo mgonjwa aliyerudishwa mlangoni hana hakimu wa kumwendea kwa hoja hiyo. Ameachiwa mlango mwingine, nao ni Ibara ya 21, inayompa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi yanayomhusu yeye na nchi yake. Pale mahakama ilipofungiwa, mdomo wa raia ndio uliobaki kuwa dawa; na anayeuacha mdomo huo ukae kimya amejinyima hata kile kidogo alichopewa.

Kushiriki katika mambo ya afya si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na kichocho, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Ilikuwa hima kubwa, lakini ilikuwa hima ya kutenda. Kutunga kulibaki kwa wakubwa. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, wananchi waliambiwa zaidi ya walivyoulizwa. Ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001, na hapo ndipo naomba waheshimiwa madiwani wanisikilize kwa makini, kwa sababu sheria ile iliziachia halmashauri ziuanzishe mfuko kwa sheria ndogo zao wenyewe. Madiwani walikuwa watunga sheria za afya miaka mingi kabla ya Bima ya Afya kwa Wote kutajwa, na kilichoudhoofisha mfuko ule mahali pengi kinajulikana: mtu alilipa, akaugua, akaenda zahanati akakuta hakuna dawa, akaambiwa akanunue dukani, na mwaka uliofuata hakurudi kulipa. Upungufu huo ungaliweza kuandikwa, kuhesabiwa na kupelekwa barazani kila robo mwaka. Aghalabu ulibaki kuwa manung'uniko ya njiani.

Sasa nije kwa mvuvi, kwa sababu kwake suala la nani asiye na uwezo na alipe lini linaonekana bayana kuliko kwa mtu mwingine. Mvuvi wa Pangani, wa Kigombe au wa Moa hana mwezi. Ana bamvua na maji mafu, ana kaskazi na kusi. Kaskazi inapotulia vyombo vidogo hutoka, fedha hupita mkononi mwake, deni la nyavu hulipwa. Kusi ikichafuka hukaa pwani wiki nzima akishona nyavu kwa mkopo wa unga. Mtu huyu si fukara wa kudumu, wala si mwenye uwezo wa kudumu, na kanuni itakayomtaka alete mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, katika mwezi uliochaguliwa na karani asiyejua upepo, itamhesabu kuwa mkaidi ilhali ni mtu mwaminifu aliyeulizwa wakati mbaya. Hoja yangu ni kwamba watu wa pwani waombe rasmi mchango ulipwe kwa awamu zinazofuata msimu, na kwamba vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo vinawajua wavuvi na vyombo vyao, vikubaliwe kuwakusanyia wanachama wake.

Wapo pia wanaoweza kupotea kabisa katika hesabu ya wasio na uwezo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), katika kutambua kaya maskini, hupitia mkutano wa kijiji, na njia hiyo ina uadilifu wake, kwa kuwa jirani humjua jirani. Lakini katika makambi ya mashamba ya mkonge, kuanzia Muheza mpaka Korogwe, wapo wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, ambao hawana shamba la ukoo wala mtu wa kuwataja katika mkutano. Yupo pia mjane mjini, huko Ngamiani, aliyeachiwa nyumba ya urithi yenye kuta imara, anayeonekana tajiri kwa mpita njia na hana chakula cha jioni. Ikiwa umaskini utapimwa kwa bati na tofali, huyu atakosa. Ni juu ya wenyeji kuyasema haya kabla daftari halijafungwa, kwani kumwingiza mtu baada ya kufungwa ni taklifu kubwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga ndugu zetu wametuonyesha uzito wa kushirikishwa: Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilizitangaza sheria mpya za bima ya afya kuwa kinyume cha katiba, sababu mojawapo ikiwa upungufu wa ushirikishwaji wa wananchi, ingawa Mahakama ya Rufani ilisitisha hukumu hiyo na mpango ukaanza Oktoba. Kwetu katiba ni nyingine na njia ni nyingine, lakini mkutano mkuu wa kijiji tunao kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mabaraza ya madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Ombi litakalofika Machi litakuta meza imekwisha kufutwa.

Kwa hiyo naleta pendekezo moja. Kila kamati ya zahanati iandike, kuanzia mwezi huu, siku ambazo dawa muhimu zilikosekana na idadi ya wagonjwa walioondoka bila tiba, bila kutaja majina yao. Taarifa hiyo isomwe katika mkutano wa kijiji, itiwe saini na mwenyekiti na mtendaji, kisha ipelekwe kwa diwani pamoja na ombi la malipo ya msimu na la kuwatambua wakazi wa makambi. Nakala iende kwa mbunge. Naomba semina hii isivunjike kabla ya kuteua watu wawili kutoka kila wilaya wa kuiandika rasimu ya ombi hilo, na mmoja kati ya hao wawili awe mvuvi, mkulima wa mwani au mkata mkonge.