Mkongwe au Chipukizi: Nani Aondoke?

Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, iko siku moja, kwa kawaida mwezi Februari, ambayo mchezaji huweza kuamka akiwa wa timu moja na kulala akiwa wa timu nyingine. Ni siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji katikati ya msimu. Mchezaji huondoka pamoja na mkataba wake, na mara nyingi hata haulizwi kama anataka.

Siku hiyo viongozi wa timu hukabiliwa na swali gumu. Je, wamwachie mkongwe aende zake ili chipukizi apate nafasi ya kukua? Au wamtoe chipukizi ili wapate mkongwe wa kuwasaidia kushinda sasa hivi? Juma hili tulitazame swali hilo kwa mfano unaotuhusu, maana aliyewekwa kwenye mzani alikuwa mwenzetu, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Mwaka 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua Thabeet akiwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji chipukizi wa ligi nzima. Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Urefu wake wa futi 7 na inchi 3 na sifa alizojizolea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mipira ya wapinzani viliwapa watu matumaini makubwa.

Lakini pale Memphis alimkuta Marc Gasol, mtu wa nafasi hiyo hiyo ya katikati, aliyekuwa bado kijana na tayari ameizoea ligi. Msimu wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Msimu wa pili dakika zake zikazidi kupungua.

Februari 2011 mambo yakaiva. Memphis walikuwa wakipigania nafasi ya kuingia mchujo wa ubingwa, na mshambuliaji wao Rudy Gay akateguka bega. Tarehe 24 mwezi huo wakampeleka Thabeet Houston Rockets, pamoja na mwenzake DeMarre Carroll na haki ya kuchagua chipukizi siku za usoni. Aliyekuja upande wao, akifuatana na chipukizi Ish Smith, alikuwa Shane Battier, mwenye umri wa miaka 32. Thabeet ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 24.

Kwetu sisi ni rahisi kusema kijana alionewa. Hebu tutazame kilichofuata.

Memphis waliingia mchujo wakiwa wa nane, yaani wa mwisho, upande wa Magharibi. Wakapangiwa San Antonio Spurs, waliokuwa wa kwanza. Memphis walikuwa wamewahi kucheza mechi 12 za mchujo katika historia yao na kupoteza zote 12. Tarehe 17 Aprili 2011, zikiwa zimebaki sekunde zipatazo 24 na Spurs wakiongoza kwa pointi mbili, Battier akarusha mpira kutoka mbali na kupata pointi tatu. Memphis wakashinda 101 kwa 98, na mwishowe wakawatoa Spurs kwa mechi nne kwa mbili. Battier alikuwamo katika vile vipigo vyote 12, maana aliwahi kuichezea Memphis kabla ya kwenda Houston mwaka 2006. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko.

Gharama nayo ilikuwapo. Msimu ulipokwisha, mkataba wa Battier ulikwisha pia, naye akaenda Miami. Memphis wakawa wamempata mkongwe kwa miezi michache tu. Hata hivyo nasema walifanya sawa. Waliyemtoa hawakuwa wakimchezesha, na waliyempokea alikuja kuziba pengo lililokuwa wazi.

Wako watakaosema basi mkongwe ni bora siku zote. Watazame Boston Celtics. Msimu wa 2006-07 walishinda mechi 24 tu. Mwaka 2007 wakatoa wachezaji watano, akiwemo kijana Al Jefferson wa miaka 22, ili wampate Kevin Garnett wa miaka 31. Mwaka 2008 wakawa mabingwa. Mwaka 2013 Boston hao hao, chini ya kiongozi yule yule, Danny Ainge, wakageuza mkono. Wakawapeleka Brooklyn Nets Garnett, aliyekuwa sasa na miaka 37, na Paul Pierce wa miaka 35. Wakapokea haki za kuchagua chipukizi miaka ya mbele. Katika haki hizo walipatikana Jaylen Brown mwaka 2016 na Jayson Tatum mwaka 2017, na hao wawili wakawapa Boston ubingwa wa 2024. Brooklyn hawakuufikia ubingwa waliokuwa wakiutafuta kwa wazee wale.

Kwa hiyo umri peke yake hautoi jibu. Kiongozi ajiulize maswali mawili. La kwanza: timu yetu msimu huu iko karibu na ushindi kiasi gani? Kama iko karibu, mkongwe ana thamani. Kama iko mbali, mkongwe atazeeka nasi tukiwa pale pale. Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni hili: huyu kijana ana mahali pa kukulia hapa petu?

Hapo ndipo ninapowalaumu Memphis, na lawama yangu ni ya mwaka 2009. Thabeet alianza mchezo huu amechelewa, akiwa na umri wa miaka kama 15. Mchezaji wa namna hiyo alihitaji dakika nyingi uwanjani na subira nyingi. Wao wakamweka nyuma ya Gasol. Chipukizi hakui kwa kukaa benchi akitazama. Na alipofika Houston mambo hayakuwa mazuri zaidi: alicheza mara chache sana, na Machi 2012 akabadilishwa tena, safari hii kwa Marcus Camby, mkongwe wa miaka 37.

Hapa kwetu hakuna soko kama lile, lakini swali tunalo. Kila kocha anayebakisha wazee uwanjani dakika za mwisho huku vijana wakishika taulo analijibu swali hilo, ajue asijue. Kumtoa kijana ili timu ipate mkongwe si dhambi. Dhambi ni kumchukua kijana kwa shangwe, kumnyima nafasi ya kucheza, kisha kutangaza kwamba ameshindwa.